Kabla ya MD: ambubegi au Fizikia?

Mtihani wa kidato cha sita ukimalizika mwezi Mei, vijana wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) wa Kanda hii ya Ziwa, kuanzia Nyegezi jijini Mwanza mpaka Nansio kisiwani Ukerewe, huanza kuuliza swali moja: miezi hii ya kusubiri chuo cha udaktari nijifunze huduma za dharura au nibaki na vitabu? Anauliza mwenye uhakika wa matokeo mazuri, na anauliza pia mwenye E ya Fizikia ambaye bado hajaitaja nyumbani. Maneno yao yanafanana, lakini hawaulizi kitu kimoja. Jibu linalomfaa mmoja linaweza kumpotezea mwenzake mwaka mzima.

Ushauri mwingi unaozunguka kwenye simu za vijana kuhusu jambo hili umetoka Marekani, na kule una maana. Kule mtu haendi shule ya udaktari akitoka sekondari. Husoma kwanza shahada ya miaka minne, akapitia Biolojia, Kemia, Kemia ya kaboni na Fizikia pamoja na maabara zake, akafanya MCAT, mtihani wa kuingilia shule ya udaktari, kisha jopo la chuo likasoma faili lake lote: alama, barua za walimu, saa alizokaa karibu na wagonjwa, halafu usaili wa ana kwa ana. Kijana wa kule akisomea EMT, yaani mhudumu wa gari la wagonjwa wa ngazi ya msingi, kozi ya saa 150 hadi 190 hivi, amepata kitu kitakachosomwa kwenye faili. Na bado wenyewe wanabishana, kwa sababu zamu za usiku kwenye gari la wagonjwa zimewashusha wengi alama za Kemia.

Kwetu MD, yaani udaktari wa binadamu, ni shahada ya kwanza: miaka 5 ya darasani na wodini, kisha mwaka 1 wa utarajali. Unaingia ukitoka kidato cha sita, na kinachokuingiza ni alama. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Sharti la chini la MD ni pointi 6, lakini zisitoke popote tu: Fizikia, Kemia na Biolojia, kila moja iwe D kwenda juu. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mwenye B ya Biolojia, B ya Kemia na E ya Fizikia ana pointi 9, kapita sharti kwa pointi 3 nzima, na mlango wa kuingia moja kwa moja umefungwa. Mwenye D tatu anaruhusiwa kuomba. Kuomba, si kupata. Chuo kama CUHAS pale Bugando huombwa na watu wengi kuliko viti vyake, na wenye alama za juu ndio huanza kukaa. Kila mwaka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, hutoa mwongozo wake. Fungua ukurasa wa chuo unachokitaka, soma mstari wa MD wenyewe, usisome maelezo ya jumla ya mwanzoni ukaridhika.

Cheti cha huduma ya kwanza hakina nafasi katika hesabu hiyo. Nalisema wazi kwa sababu kuna vijana wanalipia mafunzo wakiamini yatawasogeza mbele kwenye foleni ya udahili. Hayasogezi mtu. Yana faida nyingine, kubwa sana, nitaifikia. Lakini kama tatizo lako ni E ya Fizikia, dawa yake ni Fizikia.

E ni alama 40 hadi 49, D huanzia 50. Kwa mtu aliyepata 44, umbali wa kwenda MD ni alama 6. Alama hizo ukizitafuta vizuri unaziona, na sehemu kubwa zimelala kwenye karatasi ya tatu, yaani vitendo. Fizikia, Kemia na Biolojia zote zina karatasi ya 1, ya 2 na ya 3, na mtahiniwa wa kujitegemea, yule ambaye namba ya kituo chake huanza na P, ndiye anayeumia zaidi kwenye hii ya tatu. Anasoma nadharia nyumbani Buhongwa au Kisesa kwa miezi tisa, anakutana na bureti, ule mrija wa kupimia ujazo, siku ya mtihani. Kwa hiyo ukiamua kurudia, jambo la kwanza kabla ya kutafuta mwalimu wa tuisheni ni kutafuta maabara. Nenda kwenye shule yenye PCB ukiwa na mzazi au mlezi, omba kuonana na mkuu wa shule na mwalimu wa maabara, ueleze unataka kushiriki vipindi vya vitendo vya kidato cha sita, na uulize utachangia nini kwa kemikali. Ukienda mwezi wa Agosti unapata nafasi. Ukienda Aprili, maabara imeshawekewa ratiba ya mtihani.

Ukishaingia maabara, jua kinachopoteza alama. Kwenye taitresheni, yaani kupima asidi kwa besi tone kwa tone, bureti husuuzwa kwa kimiminika kitakachojazwa ndani yake, pipeti vilevile, lakini chupa ya koniko husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa (distilled) peke yake. Mtu akiisuuza bureti kwa maji tu, maji yanayobaki kwenye kuta hupunguza ukali wa asidi, ujazo unaotumika unakuwa mkubwa kuliko ukweli, na hesabu yote ya moli inakwenda upande. Akiisuuza chupa ya koniko kwa besi, ameongeza moli ambazo hakuzipima. Funeli ikisahaulika juu ya bureti hudondosha tone katikati ya kazi. Kipovu cha hewa kwenye ncha ya bureti hutoka katikati ya zoezi, nawe unakihesabu kama asidi. Jicho liwe sawa na sehemu ya chini ya mbinuko wa kimiminika, na namba iandikwe kwa desimali mbili: 24.30, si 24.3. Haya ni makosa ya mkono, na mkono hufundishwa kwa kurudia. Mara kumi na tano zinatosha kuufanya utulie.

Kwenye Fizikia, mita briji, kile kifaa cha kupima ukinzani kwa waya wa mita moja, hupoteza watu kwa sababu ndogo: wanaburuza kigusio juu ya waya. Waya unalika, unene wake haulingani tena, na ukinzani kwa kila sentimita haufanani. Gusa, inua, sogea, gusa. Panga ukinzani wako ili sehemu ya ulinganifu iangukie kati ya sentimita 30 na 70, maana karibu na ncha kosa dogo la kusoma linakuwa kosa kubwa la jibu. Grafu itumie zaidi ya nusu ya karatasi, na mteremko uchukuliwe kwenye pembetatu kubwa, kwa nukta zilizo juu ya mstari wenyewe wala si zile ulizozipima. Kizio kiandikwe. Watu wenye akili nyingi sana hupoteza alama kwa kutoandika kizio.

Kwa muda, kutoka matokeo ya Julai mpaka mtihani wa Mei kuna wiki 40 hivi. Saa 20 kwa wiki zinatosha kama ni za kweli: 8 Fizikia, 7 Kemia, 5 Biolojia, ukigeuza kulingana na somo linalokuuma. Katika hali hiyo mafunzo ya dharura yasizidi Jumamosi moja moja. Ukianza kujitolea zamu tatu kwa wiki hospitalini, mwezi Februari utakuwa umechoka na vitabu vimebaki ulipoviacha.

Kuna njia ya pembeni, nayo ni halali: stashahada ya utabibu, miaka 3, inayosimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Mtu mwenye stashahada hiyo kwa wastani wa B au GPA ya 3.0 anaweza kuomba MD, mradi kidato cha nne alipata angalau D kwenye Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Angalia hiyo Hisabati. Wapo matabibu hodari waliofanya kazi miaka mingi kwenye visiwa vya ziwa hili, wakitaka kupanda wanarudishwa na F ya Hisabati ya kidato cha nne. Kama ndiyo hali yako, irudie mapema, usingoje mpaka GPA iwe tayari. Jambo jingine ni hesabu ya miaka: moja kwa moja ni 5 na 1, jumla 6, kupitia stashahada ni 3, 5 na 1, jumla 9. Hiyo mitatu haipotei, kwa sababu tabibu ni mtaalamu kamili anayeona wagonjwa, anayeshona majeraha, anayepokea dharura kwenye kituo cha afya. Lakini ichague kama unaweza kuridhika kuwa tabibu hata MD isipopatikana. Anayeichukua kama uzio wa kuruka tu husoma kwa kinyongo, na GPA ya 3.0 haipatikani kwa kinyongo.

Sasa nije kwa yule mwenye alama zake mkononi.

Kalenda yako imebanwa kuliko unavyodhani. Mtihani Mei. Mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni wahitimu wanaitwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa miezi mitatu. Wa kanda hii wengine huangukia Rwamkoma kule Mara au Biharamulo. Julai matokeo, dirisha la udahili likafunguliwa, na maombi ya mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, yakaenda sambamba. Maana yake mambo makubwa ya maisha yako yanafanyika wewe ukiwa kambini, simu iko mbali. Kabla ya kuondoka, cheti chako cha kuzaliwa kiwe kimeshahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na nakala zote ziwe kwa mtu mmoja unayemwamini, dada, mjomba, yeyote anayejua kutumia mtandao bila kukurupuka. Laini ya simu uliyojisajilia ibaki kwake ikiwa hewani. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, namba ya siri ya kuthibitisha hutumwa kwa SMS, na lazima ithibitishwe ndani ya siku zilizopangwa. Laini ikiwa kwenye begi kambini, namba inaingia hakuna wa kuisoma, na kiti cha MD kinakwenda kwa mwingine. Hili halihusiani na akili wala alama, ndiyo maana linauma.

Muda unaobaki basi ni kati ya kutoka JKT na kufungua chuo, wiki chache tu, pamoja na zile chache za Mei. Hapo ndipo ninaposema bila kusita: jifunze dharura. Acha kusoma Anatomia ya mwaka wa kwanza mapema. Utafundishwa, tena kwa mpangilio mzuri kuliko video za usiku. Ila mikono yenye mazoea ya kumgusa mtu aliyeumia haifundishwi mapema pale chuoni. Miaka ya mwanzo ni ya Anatomia, Fiziolojia na Biokemia, na mwanafunzi anaweza kufika mwaka wa tatu hajawahi kufungua njia ya hewa ya mtu yeyote.

Na huku ziwani hii si nadharia. MV Bukoba, 21 Mei 1996. MV Nyerere, 20 Septemba 2018, mita chache tu kabla ya kutia nanga Ukara. Ndege iliyoangukia majini Bukoba, 6 Novemba 2022. Katika mbili hizi za mwisho waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Wataalamu walikuja baadaye, kama inavyotarajiwa. Ziwa ni kubwa. Mtu wa kwanza kufika ndiye mwenye dakika zenye thamani.

Mafunzo yapo ya ngazi mbili, usiyachanganye. Ya kwanza ni huduma ya kwanza kwa mtu yeyote: Chama cha Msalaba Mwekundu hufundisha, OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, hufundisha kwa ajili ya mahali pa kazi. Haya ndiyo yako. Ya pili ni BEC, yaani huduma ya msingi ya dharura, kozi ya siku 5 ya Shirika la Afya Duniani na Msalaba Mwekundu wa kimataifa, iliyotolewa mwaka 2018, baada ya kujaribiwa katika nchi zikiwemo Tanzania, Uganda na Zambia. Hiyo ni ya wauguzi, matabibu na madaktari, mtu wa kidato cha sita hapangiwi. Kitabu chake lakini kinapatikana bure mtandaoni, na mpangilio wake, A mpaka E, njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, ufahamu, kisha kumfunua mgonjwa umwone mwili mzima, utakutumikia mpaka unastaafu. Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura mwaka 2010 na kuanza kufundisha mabingwa wa fani hiyo. Lugha ya idara za namna ile ni hiyo A mpaka E.

Kabla ya kulipa, uliza maswali matatu. Kuna midoli mingapi ya kufanyia mazoezi, kwa watu wangapi? Mdoli mmoja kwa watu 6 ni sawa, mmoja kwa watu 30 ni hotuba. Mkufunzi anafanya kazi wapi kwa sasa? Na mwishoni kuna mtihani wa vitendo au ni kusaini mahudhurio tu? Cheti bila jasho la kwapani hakina maana kwa mtu anayekwenda udaktari.

Chukua zoezi la mtu aliyezama, ambalo kila kijana wa mwaloni anapaswa kulijua. Ametolewa majini, hapumui, haitikii. Mlaze chali mahali pagumu, si juu ya nyavu wala ndani ya mtumbwi unaoyumba kama nchi kavu iko karibu. Kiganja kimoja kwenye paji la uso, vidole viwili chini ya mfupa wa kidevu, inua kidevu. Ziba pua, toa pumzi 5 za kuanzia, kila moja sekunde 1, ukitazama kifua kinavyoinuka. Mwongozo wa Marekani hutaja 2, wa Ulaya 5. Fuata ulichofundishwa, la msingi ni kwamba kwa aliyezama pumzi hutangulia, kwa sababu moyo wake umesimama kwa kukosa oksijeni. Kisha kifua: kitako cha kiganja katikati, nusu ya chini ya mfupa wa kifua, viwiko vimenyooka, mabega juu ya mikono. Bonyeza sentimita 5, isizidi 6, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, 30 kwa pumzi 2. Kila baada ya dakika 2 mpokezane, kwa sababu baada ya hapo unabonyeza sentimita 3 huku ukiamini ni 5.

Kinachoharibika huwa ni kile kile. Watu wanamning'iniza kichwa chini, au wanambinya tumbo ili maji yatoke. Yanayotoka ni ya tumboni, pamoja na chakula, na yanaingia kwenye mapafu ambayo tayari yana shida. Wakati huo hakuna anayempa hewa. Kosa la pili ni la waliosoma: wanaegemea kifua bila kukiachia kirudi juu, na moyo usiporudi kujaa hauna damu ya kusukuma.

Ambubegi nayo, lile puto la kupumulisha, huonekana rahisi mpaka ulishike. Kwa mtu mzima hubeba yapata mililita 1500, na mgonjwa anahitaji 500 hadi 600 tu kwa pumzi. Kwa hiyo unalibonyeza kwa upole, theluthi yake hivi, sekunde 1, mpaka kifua kianze kuinuka, basi. Kama mapigo yapo lakini hapumui, pumzi 1 kila sekunde 6. Woga humfanya mtu akamue lote, haraka haraka. Hewa inapita njia ya chakula, tumbo linajaa, mgonjwa anatapika. Mshiko wa barakoa ndio mgumu: kidole gumba na cha shahada vinaibana usoni kwa umbo la C, vitatu vilivyobaki vinanyanyua mfupa wa taya kwa umbo la E. Unauleta uso kwenye barakoa. Ukiikandamiza barakoa usoni unaziba njia ya hewa mwenyewe. Mkono mdogo hauwezi peke yake, na si aibu: mmoja ashike kwa mikono miwili, mwingine abonyeze.

Damu za ajali za bodaboda sitazikalia sana. Kandamiza moja kwa moja kwa kitambaa safi, usiinue kila sekunde kuchungulia. Mguu au mkono ukimwaga damu isiyozuilika, funga kitambaa cha upana wa sentimita 5 kwenda juu, kipande cha kanga kinafaa, sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, si kwenye kiungo, usokote kwa kijiti mpaka damu isimame kabisa. Kamba nyembamba au mpira wa baiskeli hukata nyama. Na kufunga kwa huruma ni hatari kuliko kutofunga: vena zinazorudisha damu moyoni zinazibwa, ateri zinazoileta zinaendelea, damu inaongezeka. Andika saa uliyofunga. Namba za simu ziwe kichwani: 114 Zimamoto na Uokoaji, na 115 ya m-mama, usafiri wa dharura kwa mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga.

Sasa rudi kwenye Fizikia ile uliyotaka kuikimbia, maana mtu wa dharura haimkimbii. Mgonjwa yuko Nansio anahitaji oksijeni lita 10 kwa dakika, anasafirishwa kwenda Bugando. Mtungi una ujazo wa maji wa lita 10, geji inasoma baa 150. Kwa kanuni ya Boyle, gesi hiyo ikishuka kwenye mgandamizo wa hewa ya kawaida inakuwa lita 10 mara 150, yaani 1500. Gawa kwa 10: dakika 150, saa mbili na nusu. Meli ya Nansio hadi Mwanza inachukua saa tatu hivi, na hujahesabu kusubiri gatini wala foleni ya kupanda mlima wa Bugando. Mtungi mmoja hautoshi. Anayejua kanuni ya Boyle anaijua habari hiyo akiwa bado Nansio na kuna mtungi wa pili stoo; asiyeijua ataijua katikati ya maji. Kwa upande wa Sengerema na Geita daraja la Kigongo–Busisi limebadilisha hesabu tangu Juni 2025, kivuko hakihesabiwi tena, lakini geji inasomwa vilevile.

Kemia hivyo hivyo. Adrenalini ya 1:1000 ni gramu 1 kwenye mililita 1000, yaani miligramu 1 kwa mililita 1. Dozi ya mtu mzima aliyepata mzio mkali ni miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, nusu mililita. Ya 1:10,000 ina miligramu 0.1 kwa mililita; anayezichanganya amekosea mara kumi. Glukosi ya asilimia 50 ina gramu 50 kwenye mililita 100, na haifai kumsukumia mtoto kwenye mshipa, inaunguza. Mtoto wa kilo 12 aliyeshuka sukari anahitaji ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo, jumla 60, zenye gramu 6. Ukiwa na ya 50 peke yake: mililita 12 za glukosi, 48 za maji ya sindano. Wewe wa kidato cha sita huruhusiwi kuchoma wala kuchanganya chochote, na usikubali hata ukiombwa na muuguzi aliyezidiwa. Lakini hesabu hiyo ifanye kwa kalamu mpaka ije yenyewe.

Ukitaka kujitolea hospitalini, andika barua kwa Mganga Mfawidhi, ambatanisha barua ya serikali ya mtaa na nakala za vyeti, utaje siku na saa unazoweza. Utasukuma machela, utapeleka sampuli maabara, utaandika majina, utashika mkono wa bibi anayesubiri kushonwa. Usidharau hayo, ukisimama mlangoni pa chumba cha dharura unajifunza kumtambua anayepumua vibaya kabla hajasema. Usipige picha. Usisimulie mtaani uliyemwona.

Na anza chanjo ya homa ya ini B kabla ya zamu ya kwanza, kipimo kikionyesha huna maambukizi. Ni dozi tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu miezi 6 baada ya ile ya kwanza. Ukiichoma ya kwanza Mei, ya tatu ni Novemba, umeshafungua chuo, kwa hiyo kadi iingie kwenye begi la chuo pamoja na vyeti. Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usiminye, toa taarifa saa ile ile kwa kiongozi wa zamu. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa kuanza mapema kadiri inavyowezekana, na baada ya saa 72 hazianzishwi.